Mkanda wa Marita

Tulimzika wifi yangu Marita pale Mandewa, nyuma ya nyumba ya mwanawe wa kwanza, na mpaka jeneza linaletwa nje mimi nilikuwa na huzuni ya kawaida ya mtu aliyefiwa na wifi. Marita alikuwa mcheshi, alipenda kula, na tumezeeka pamoja bila ugomvi mkubwa. Kisha ukasomwa wasifu. Aliyesimama kuusoma alikuwa binti yangu Tabitha, mwalimu mstaafu, miwani puani, sauti imenyooka vile alivyozoea darasani. Akasoma Marita alizaliwa wapi, akabatizwa wapi, akaolewa Kinampanda kwa watu gani. Halafu akasoma hivi: "Marehemu, pamoja na bibi yangu, ndio walionilea nikiwa mdogo, kwa sababu mama yangu alikuwa na shughuli zake za biashara." Watu wakaitikia kwa upole. Mama mmoja aliyekaa nami kwenye jamvi akanigusa goti, akaninong'oneza, "Mungu awabariki walezi." Nilitaka kusimama pale pale. Nikabaki nimekaa, na labda ni heri, maana nilikuwa na maneno mdomoni ambayo hayasemwi mbele ya kaburi lililo wazi.

Shughuli zake za biashara! Nimelirudia neno hilo tangu siku ile, jikoni, kanisani, kitandani, na kila nikilirudia hasira inaanza upya. Wajukuu wananiambia, "Bibi, mambo ya zamani hayo, yaache." Wao wanadhani hasira ina umri wa kustaafu. Basi nauandika mwaka ule. Sitaeleza nilizaliwa na nani wala mahari yangu ilikuwa kiasi gani, hayo waulizwe wengine. Naandika mwaka mmoja tu, wa wakati wa Mwingereza, mwaka ambao mwanangu Daudi alijifunza kutembea, na mimi nikanyang'anywa mtoto mchana kweupe huku watu wakinipongeza.

Tulikaa Iguguno, kando ya barabara. Nyumba yetu ilikuwa tembe, paa la udongo, ya chini kiasi kwamba mume wangu Elia aliingia ameinama na kutoka ameinama. Chumba cha mbele walilala mbuzi na ndama. Cha nyuma tulilala sisi, na humo humo ndimo palipokuwa na mafiga, vibuyu vya maziwa, mtungi wa maji, na boriti nyeusi kwa moshi ambayo niliitundikia kazi yangu. Kazi yangu ilikuwa kutunga shanga. Nilitunga vidani, bangili, vikuku vya miguuni, na mikanda mipana ya kiunoni ya mabibi harusi, nyekundu na nyeupe, ambayo msichana asingetoka kwao bila kuwa nayo hata kama padri alinuna. Nilitunga na mambo ya kisasa pia. Wake za makarani na walimu walikuwa wameanza kuvaa magauni ya kubana kiuno, nami nikawatengenezea mikanda ya ngozi laini iliyoshonewa shanga za buluu, na hereni ndogo za kufanana nayo. Hakuna aliyenifundisha hizo. Nilimwona mke wa karani mmoja akishuka kwenye lori, nikamtazama kiuno mpaka akaona aibu, na jioni ile nikaanza kukata ngozi.

Shanga nilinunua kwa Mhindi mwenye duka pale barabarani, lakini uzi wake niliuacha dukani kwake. Mimi nilitumia kano za mgongo wa ng'ombe. Unazikausha, unazichana nyembamba, unazilainisha mdomoni, unazisokota juu ya paja. Mkanda uliotungwa kwa ukano humzika mwenyewe. Ukishamaliza unaupaka siagi ya ng'ombe ili shanga zing'ae, ndivyo walivyotaka wakwe wote, mkanda usionukia siagi waliuita mkanda wa maskini. Kisha unautundika juu ya moto siku kadhaa ushike moshi, kwa sababu panya wa kwetu anapenda siagi kuliko mtoto anavyopenda asali, ila moshi haupendi. Naeleza haya kwa kirefu kwa sababu yana kazi huko mbele. Siku za mnada nilitandika jamvi langu kando ya wauza chumvi, Daudi mgongoni, Tabitha kakaa pembeni yangu akichambua nyekundu na nyeupe kwa vidole vyake vidogo. Elia alikuwa kibarua wa barabara, akirudi mwisho wa mwezi na koleo begani, na mshahara wake ulikuwa kama mvua ya kwetu. Kodi yake ya kichwa mwaka ule ilitoka kwenye shanga. Sabuni, chumvi, sukari na kaniki aliyojifunga mama yake, vyote vilitoka kwenye shanga. Nataka jambo hilo lieleweke vizuri.

Mama mkwe alikaa ng'ambo ya zizi. Nikisimama mlangoni kwangu nauona moshi wake. Alikuwa mwanamke mwembamba, msafi, mwenye sauti ya chini, na sijawahi kumsikia akipiga kelele ila mara moja, nitakuja kuisimulia. Daudi alipokuwa bado mchanga kabisa, alikuja na kibuyu cha uji wa uwele, akanimiminia, akakaa. Tabitha alikuwa amejilaza miguuni kwangu.

"Mama Tabitha," akaniambia, "huyu mkubwa nimchukue akae kwangu. Mdogo akishatembea, utakuja kumchukua."

"Mama, Tabitha hanisumbui."

"Nani kasema anakusumbua? Ndivyo tunavyofanya sisi. Hata mimi nilikulia kwa bibi. Una mtoto mgongoni, una jembe, una shanga zako. Una mikono mingapi?"

Nani angekataa? Desturi ilikuwa hiyo kweli, na mpaka leo ipo: mtoto aliyeachishwa ziwa huenda kwa bibi mpaka mdogo wake asimame. Majirani walikuja kunipongeza. "Una bahati, mkwe wako anakupenda." Nikamfunga Tabitha shanga zake za shingoni, za kijani, nilizomtungia alipozaliwa, nikamkabidhi pamoja na kingozi chake cha kulalia. Alikwenda akirukaruka. Ni ng'ambo ya zizi tu, nilijiambia. Wakati mwingine mtu anaibiwa huku anashukuru.

Mwanzoni alikuja kila asubuhi. Baadaye akaja asubuhi moja moja. Mvua zilipokolea nilikuwa shambani mpaka jioni, na kila nilipokwenda kumwona nilikuta ameshaogeshwa, ameshakula, amekaa katikati ya magoti ya bibi yake akisukwa. Jioni moja nilipeleka bakuli la mlenda niliotia karanga kwa sababu Tabitha aliupenda hivyo. Mama mkwe hakuinuka. Akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Tabitha, mpokee mama Daudi chakula." Mtoto akaja, akanyoosha mikono miwili kwa adabu, akasema, "Asante, mama Daudi." Marita, ambaye wakati huo alikuwa msichana wa kuposwa, akacheka mpaka akajifunika mdomo. Mimi nilisimama pale na mikono mitupu. Nilikuwa mama Tabitha tangu siku niliyomzaa, kila mtu kuanzia Mhindi wa dukani mpaka wauza chumvi aliniita hivyo, na sasa jina lilikuwa limetolewa kiunoni mwangu na kuhamishwa kwa utaratibu mzuri kabisa. Katika wiki chache boma zima likawa linaniita mama Daudi. Mpaka leo ndivyo wanavyoniita.

Sikujua bado kama ni makusudi. Nilijua siku nilipokwenda kuazima ungo. Mama mkwe na Marita walikuwa ndani wanasaga uwele kwenye jiwe, na ukuta wa tembe una nyufa. Niliwasikia kabla sijabisha hodi.

"Na akija kumdai?" Marita aliuliza.

"Atadai nini? Mtoto akishanizoea mimi, atalia akipelekwa kule. Akitaka mtoto, aache kuzurura minadani. Asipotaka kuacha, basi anibakizie. Mwanamke anayejulikana kwenye kila mnada hawezi kulea mtoto wa kike."

"Lakini mama, wifi anatunga vizuri. Usimuudhi kabla ya harusi yangu."

"Za kwako atatunga tu. Wewe ni wifi yake, atakataaje?"

Jiwe likaendelea kusaga. Nilirudi nyumbani bila ungo. Nakumbuka nilikaa kwenye kizingiti. Kaniki aliyojifunga pale akisaga nilikuwa nimemnunulia mimi, kwa pesa ya huko huko alikokuita kuzurura. Mwanamke yule alikuwa anakula mnada na kuutukana kwa mdomo ule ule.

Elia alipokuja mwisho wa mwezi nilimchinjia kuku, nikampikia ugali, nikamwacha ale kidogo kwanza. Nikamweleza niliyoyasikia. Alitafuna. Alikuwa mtu wa kutafuna sana yakitokea mambo yanayohitaji jibu.

"Mama anakusaidia," akasema hatimaye.

"Ananisaidia au ananikomesha?"

"Punguza minada kidogo. Mtoto atarudi."

"Na kodi yako nitailipa na nini? Nitawapelekea mlenda?"

Akachukua firigisi, akaitazama, akaila. "Mambo ya wanawake haya," akasema. Nilimpenda mume yule, nilimzika kwa machozi ya kweli, lakini siku ile ningeweza kummwagia mchuzi kichwani. Alikuwa na lugha ya kubembeleza maksai wakaidi na msimamizi Mzungu wa barabara, ila kwa mama yake alikuwa bubu. Asubuhi akachukua koleo lake akaondoka, akaniacha na ugomvi wangu.

Daudi alisimama wakati wa kupura uwele. Aliachia mguu wangu, akayumba, akaenda mpaka kwenye lundo la masuke, akakaa kitako, akapiga makofi. Sikungoja hata jasho likauke. Nilimbeba, nikavuka zizi, nikamteremsha mbele ya mama mkwe ili aone mwenyewe.

"Shikamoo mama. Daudi anatembea. Nimekuja kumchukua dada yake."

"Marahaba. Anatembea? Mbona anaanguka?"

Nikarudi wiki iliyofuata. Akasema tungoje mavuno yaishe. Mavuno yakaisha. Akasema tungoje harusi ya Marita, Tabitha ameshazoea, tusimchanganye. Kila mara mtoto alikuwa nyuma yake, kashika pindo la kaniki, ananichungulia kama anavyochunguliwa mgeni. Mara ya mwisho mama mkwe aliacha kuzunguka. "Chagua, mama Daudi," akasema. "Shanga au mtoto. Si mimi ninayekunyima, ni wewe." Akaingia ndani kupika.

Nilikwenda kwa jumbe. Wasomaji vijana wanaweza kudhani serikali ya Mwingereza ilikuwa na kazi na mtu kama mimi. Ilikuwa nayo moja tu, ya kumtoza kodi mume wangu. Jumbe alikaa kwenye kiti cha kukunja, picha ya Malkia ukutani, karani pembeni, wazee kwenye benchi. Nilieleza. Wazee wakatazamana, mmoja akaanza kucheka, wengine wakamfuata.

"Mtoto amepotea?" jumbe akaniuliza.

"Hajapotea, mzee."

"Anapigwa? Ananyimwa chakula?"

"Hapana."

"Yuko kwa bibi yake mzaa baba, ng'ambo ya zizi, anakula, analala, na wewe unataka nikampigie Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya, ripoti?" Wakacheka tena. "Mtoto ni wa upande wa baba, mama. Nenda nyumbani mkaelewane." Nilipokuwa naondoka akaniita. Nikageuka, nikadhani ameona haya. "Wewe ndiye mtunga shanga? Mke wangu anataka bangili. Upite nyumbani." Mpaka leo kiti cha kukunja sikikalii.

Nilirudi njia nzima nikizungumza peke yangu. Niliyapima mambo. Nikiacha shanga, mtoto atarudi, na mimi nitakuwa mwanamke wa kuombea chumvi, na mama mkwe atajua kwamba akinibana nabanika. Kesho atataka kingine. Nikienda zangu kwa wazazi, watoto wote wawili wanabaki, ndiyo sheria. Kupigana siwezi. Nilipofika nyumbani nikatazama juu kwenye boriti, ilikokuwa imening'inia mikanda ya mabibi harusi wa watu, na palikuwa na nafasi tupu niliyoiacha kwa ajili ya mkanda wa Marita. Wageni wa Kinampanda, wanawake wa upande wa bwana harusi, walikuwa wanakuja kabla ya harusi kukagua vitu vya bibi harusi. Kila mtu alijua mkanda wake unatoka kwangu. Nikakaa chini. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nikala nikashiba.

Marita alipokuja kuniuliza mkanda umefika wapi, nilimwambia haujafika popote. "Sitatunga." Akadhani namtania. Nikarudia. Akaondoka mbio. Sauti ya mama mkwe haikupanda, nilimsikia tu akisema, "Mwache. Kutunga shanga ni uganga? Tutatunga wenyewe."

Wakatunga. Wakanunua shanga na uzi wa pamba dukani kwa Mhindi, wakakaa uani wakatunga, na sitasema uongo, kwa mbali ulipendeza. Wakaupaka siagi kwa moyo wote, siagi ya kutosha kukaangia, ili wageni wasije wakasema ni mkanda wa maskini. Kisha mama mkwe, kwa usafi wake, akaona kuutundika motoni utashika masizi. Akauweka kwenye kihenge cha nafaka, ndani, gizani, penye panya wote wa Iguguno.

Wageni walikuja asubuhi, wanawake wa makamo, wamejifunga vizuri, wana macho ya kununua ng'ombe. Nilikuwa nimesimama kwangu, mkono juu ya boriti za zizi, nikitazama. Marita akatolewa uani. Mama mkwe akaleta mkanda umefunikwa kwa kitambaa, akamzungushia binti yake kiunoni, akauvuta ili ufungike. Panya walikuwa wameshafanya kazi yao kwenye uzi ule wa pamba. Ulikatika pote kwa mara moja. Shanga zikamwagika kutoka kiunoni mwa Marita hadi ardhini, nyekundu, nyeupe, zikadunda, zikatawanyika. Na kuku wa Singida mnawajua. Walitoka chini ya ghala, walitoka zizini, walitoka kwangu, wakashuka kwenye shanga zile zenye siagi kama zimemwagwa kwa ajili yao. Hapo ndipo nilipomsikia mama mkwe akipiga kelele, hiyo mara moja niliyoisema. "Swaga! Jamani kuku! Wanakula harusi!" Alikimbia huku na huku na ufagio, Marita kashika kiuno kitupu analia, wageni wametazama pembeni, mabega yao yanatikisika. Jioni walichinja kuku kwa kuku wakitafuta shanga kwenye firigisi. Mji mzima ulikula nyama. Mimi nililetewa paja, nikalila lote.

Asubuhi Marita akaja na kikapu cha shanga zinazonuka kuku. "Shikamoo wifi. Mama amenituma."

"Mama yako ana miguu."

Mchana mama mkwe akaja mwenyewe. Alisimama mlangoni kwangu, hakuinama kuingia, mpaka nikamkaribisha mara ya pili. Akakaa kwenye kigoda. Marita akabaki kizingitini.

"Mama Daudi, wageni wanarudi Jumapili. Tusaidie."

"Mtoto kwanza."

"Nitamleta baada ya harusi. Nakuahidi."

"Uliniahidi Daudi akitembea. Sasa Daudi anakimbia. Mtoto kwanza, ndipo mkanda. Na minada nitakwenda, kila mnada, na Tabitha atakaa kwenye jamvi langu."

Alinitazama. "Unamuuzia wifi yako mkanda kwa bei ya mtoto wako mwenyewe?"

"Wewe ndiye uliyemtia bei, mama. Mimi nalipa tu."

Hakuna mkwe aliyemjibu mama mkwe hivyo katika nchi ile, na nilijua. Lakini kwa wakati ule nilimtazama usoni. Aliyeingilia alikuwa Marita. "Mpe mtoto wake, mama," akasema, na sauti yake ilikuwa imekatika. "Mpe. Ni wake." Neno hilo nimemwekea Marita maisha yake yote, ndiyo sababu nilikwenda kumzika.

Tabitha aliletwa kabla jua halijazama, na kingozi chake kimekunjwa. Sikuwa mjinga wa kutegemea angenirukia. Alilia. Alimwita bibi yake mpaka sauti ikakauka, akakataa ugali, akakataa mlenda wenye karanga, akakaa mlangoni akinipa mgongo, ametazama moshi wa ng'ambo ya zizi. Mimi nilikaa nyuma yake nikatunga mkanda wa Marita kwa ukano. Sikulia. Nilikuwa na hasira nyingi mno, machozi hayakupata njia. Shanga zilizopatikana kwenye firigisi hazikutosha. Nyingine walikuwa wamezimeza wale kuku waliojificha. Nilipofika karibu na fundo nikapungukiwa, na duka la Mhindi lilikuwa pale pale barabarani. Sikwenda. Nilimwita Tabitha, nikafungua zile shanga zake za kijani shingoni, nikazitunga zile mwishoni mwa mkanda, mstari mmoja wa kijani upande wa ndani, unaogusa ngozi. Nilifanya makusudi. Nilitaka Marita kila akijifunga mkanda ule akumbuke ulilipiwa na nini.

Alijifunga, akaolewa, wageni wakasifu kazi. Mama mkwe akaendelea kuishi ng'ambo ya zizi miaka mingi, tukaamkiana, tukapelekeana chakula. Tabitha alinizoea tena polepole, kama mtu anavyojifunza kiatu kipya. Lakini hadithi alipewa ng'ambo ya zizi, kila alipokwenda kusalimia, na ilikuwa hadithi tamu: bibi na shangazi walikulea, mama yako alikuwa na biashara zake. Mimi sikumsahihisha. Mkwe hamsemi mama mkwe wake kwa mjukuu, nilifunzwa hivyo, na nikadhani mtoto aliyegombewa vile atakumbuka mwenyewe. Hakukumbuka. Alibaki na walichomwambia.

Kesho yake baada ya mazishi nilikuwa nimejilaza kwenye chumba cha nyuma pale msibani. Tabitha akaingia na kopo la biskuti lililopata kutu. "Mama, hili lilikuwa chini ya kitanda cha shangazi. Wanawe wanasema alisisitiza upewe wewe." Akafungua. Mkanda ulikuwa mzima, kano hazijalegea hata moja, na siagi ya zamani imekuwa nta. Tabitha akaugeuza. "Kumbe ulimuuzia wewe? Na hizi za kijani?"

"Sikumuuzia," nikamwambia. "Nilikukombolea wewe."

Nikamweleza yote, niliyoandika hapa, bila kupunguza. Alivua miwani. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mkanda mapajani, akipitisha kidole kwenye ule mstari wa kijani.

"Nakumbuka kuku," akasema. "Nakumbuka wanachinja kuku wengi na bibi analia. Nilidhani ni sikukuu."

"Haikuwa sikukuu."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Nakuambia sasa. Na kesho wakianua matanga, utasimama tena."

"Mama, wasifu hausomwi mara mbili."

"Basi huo wa kwanza ulikuwa haujasomwa."

Alinitazama, na nikaona macho ya yule mtoto wa mlangoni, mekundu. "Nisemeje?"

"Wewe ndiye mwalimu."

Asubuhi watu walikuwa wamekaa kwenye jamvi wanangoja chai. Tabitha alisimama bila karatasi. Sauti yake haikunyooka kama siku ile ya kwanza. "Juzi nilisoma jambo ambalo halikuwa kweli," akasema. "Nilipokuwa mdogo sikuachwa. Nilichukuliwa, na kuna mtu alinidai mpaka akanipata. Amekaa pale. Mnamwita mama Daudi. Yule ni mama Tabitha."

Yule mama aliyeninong'oneza siku ya mazishi akanyoosha tena mkono kunigusa goti. Nikauondoa. Nilikuwa nasikiliza.